Ubao unasema maji ya bahari yanafaa kuogelea, watoto wanaharisha. Wanapima nini hasa?

Mama_Pacha:

Habari wadau. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya upimaji wa maji ya bahari.

Mimi na wanangu wawili tunaogelea baharini karibu kila wikiendi. Pale ufukweni kuna ubao wa idara inayohusika, maana kisheria lazima wapime maji na wabandike majibu. Kila baada ya wiki mbili wanachota Jumatatu, kisha karatasi inabadilishwa. Iliyopo sasa imeandikwa "Enterokoki 20 kwa mililita 100. YANAFAA." Kwa herufi kubwa za kijani. Sasa hatua chache kutoka kwenye ubao huo kuna mtaro wa maji ya mvua unaomwaga baharini. Wakati wa kiangazi unakauka, kinabaki kidimbwi cheusi mdomoni. Mvua ikipiga, unafoka tope na kila takataka iliyotupwa humo.

Mvua ilinyesha Alhamisi usiku. Jumamosi tukaingia majini. Jumatatu wote wawili wanaharisha, na mmoja sikio linamuuma. Sisemi lazima iwe bahari, inawezekana ni kitu walichokula. Ila nilipopiga simu kuuliza nikajibiwa kwa upole kabisa, "Mama, sheria inataka tupime kila wiki mbili, tumepima, majibu yako ubaoni." Basi, simu ikakatwa.

Naomba kueleweshwa: hiyo namba ni ya nini? Kwa nini hakuna mafuta, hakuna kemikali, ni hiyo enterokoki peke yake? Na mtu wa kawaida akisimama mbele ya ubao ule asomeje? Tafadhali, majibu ya "serikali waongo" sihitaji, hayo nimeyasikia ya kutosha nyumbani.

Sina_Imani:

Dada umekataza tusiseme serikali waongo, basi mwongo ni chupa. Wanachota pale maji yanapong'aa, wanapiga picha, wanawahi chai. Hiyo 20 wameizoea tu, mwezi ujao utaikuta 22 ili isionekane wamenakili.

Chupa_Tasa:

Sina_Imani, nimechota maji hayo miaka mingi mpaka nikastaafu, na chai nilikuwa nainywa imeshapoa. Uongo kwenye kazi hii upo, sikatai, lakini mara nyingi haukai kwenye namba. Hiyo 20 ya Mama Pacha inaweza kuwa kweli tupu. Cha kuuliza ni ilichotwa siku gani, saa ngapi, na wapi.

Kwanza uchotaji wenyewe, kwa sababu watu hudhani ni kuinama na kujaza. Unaingia majini mpaka penye kina cha mita moja hivi. Unasimama uso ukielekea mkondo unakotokea, ili tope ulilotifua kwa miguu lipite nyuma yako. Chupa imeshatakaswa maabara. Kifuniko hukigusi kwa ndani wala hukiweki popote, unakishika mkononi. Unaizamisha mdomo ukitazama chini, sentimita 30 hivi, kisha unaigeuza huku unaisukuma mbele, unaitoa, unamwaga kidogo ibaki nafasi ya kutikisia. Kidole kikigusa mdomo wa chupa umepima kidole chako, imwage uchukue nyingine. Halafu kwenye boksi la barafu, gizani, na mbio maabara, kwa sababu bakteria hawakusubiri: wengine wanakufa njiani, wengine wanazaliana.

Maabara maji yanapitishwa kwenye karatasi ya chujio yenye matundu ya maikromita 0.45. Bakteria wanakwama juu. Karatasi inalazwa kwenye kisahani chenye chakula chao kilichogandishwa, inakaa kwenye joto la nyuzi 41 kwa saa 24. Zipo njia nyingine, ila hii ndiyo niliyoizoea. Kesho yake unatoa kisahani, unaweka lenzi, unahesabu vidoa vyenye duara la buluu pembeni. Kila kidoa kimeanzia kwa bakteria mmoja aliyekuwa hai, au kikundi kilichogandana. Kwa hiyo 20 maana yake kuna mtu aliyekaa akahesabu vidoa ishirini.

Enterokoki wanaishi kwenye utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Kwa kawaida si wao waliowaharisha wanao. Wao ni mashahidi: wakionekana wengi, ujue kinyesi kimefika majini, na kinyesi hicho huenda kimebeba virusi na vijidudu vingine ambavyo kuvitafuta kimoja kimoja ni gharama na kazi ya siku nyingi. Kwa bahari walichaguliwa hao kwa sababu chumvi haiwaui haraka kama inavyomuua E. coli, bakteria mwingine wa utumbo.

Viwango vinatofautiana, na hapa watu wengi husoma vibaya. Marekani, kwa vigezo vya 2012, wastani usizidi 35 kwa mililita 100. Ulaya, kwa Agizo la Maji ya Kuogelea la 2006, maji ya pwani ya daraja la juu kabisa yanaruhusiwa hadi 100. Utasema Wazungu wa Ulaya wanaoga kwenye uchafu mara tatu. Hapana. Ile 35 ni wastani, na 100 ni kiwango ambacho asilimia 95 ya vipimo vinatakiwa viwe chini yake. Vipimo viwili tofauti kabisa. Ubao usipokwambia namba ni wastani, ni kipimo kimoja, au ni kilele, umebandikiwa pambo.

Sasa nifike kwenye hiyo "kila wiki mbili", kwa sababu hapo ndipo roho inaniuma.

Bahari haifuati kalenda ya ofisi, inafuata mwezi. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu. Ofisi inachota kila siku ya 14, tuseme saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukirudi Jumatatu ile nyingine saa ile ile, unaikuta bahari karibu pale pale ulipoiacha. Kama ulikuta maji yamejaa, yamejaa tena. Kwenye pwani zinazojaa na kupwa mara mbili kwa siku, tofauti ni kama nusu saa na ushei tu. Inachukua zaidi ya miezi minne ratiba hiyo kuteleza kutoka bamvua mpaka maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu. Unaweza kuchota nusu ya mwaka bila kuyaona maji ya bamvua yanayokupwa hata mara moja, na huku unatimiza sheria neno kwa neno.

Na hayo unayoyakosa ndiyo mabaya. Utafiti wa 2005 uliopitia fukwe 60 za kusini mwa California ulikuta vipimo vinavuka kiwango mara nyingi zaidi wakati wa bamvua, hasa maji yakikupwa. Ukifikiria unaona mantiki. Maji yanapanda juu ya ufuo kuliko kawaida, yanalamba mchanga na madimbwi na midomo ya mitaro, kisha yanarudi na kila kitu. Mvuvi yeyote anajua bamvua inaokota takataka, lakini mpanga ratiba hakumuuliza.

Ongeza jua. Enterokoki hawavumilii mwanga. Huntington Beach, hukohuko California, ambako sehemu kubwa ya ufukwe ilifungwa kiangazi cha 1999, watafiti walikuta hesabu ya bakteria inapanda usiku na kushuka jua likipanda. Maji ya alfajiri na ya saa saba mchana, pahali pale pale, yanaweza kukupa majibu mawili tofauti. Mchotaji akichelewa kuamka, ufukwe unakuwa msafi.

Kuhusu mvua yako ya Alhamisi: maeneo mengi wanaopima kwa makini huwashauri watu wasiingie majini kwa saa 72 baada ya mvua kubwa, hasa karibu na mitaro na midomo ya mito. Alhamisi usiku mpaka Jumamosi hizo saa hazijaisha. Sikuhukumu, ubao ulipaswa kukwambia hilo kwa herufi kubwa kuliko hiyo YANAFAA.

Mama_Pacha:

Kaka Chupa, nimesoma mara mbili na nimefungua kalenda ya mwezi. Asante sana. Kumbe hata wakipima kwa uaminifu wanaweza kukosa. Swali dogo: kwa hiyo nikiona 20 ubaoni, hiyo ni ya lini? Ya leo?

Chupa_Tasa:

Siku inapobandikwa ni ya jana, ikiwa ofisi ina mbio, na karatasi inakaa hapo wiki mbili. Kuotesha kunachukua siku nzima, kuandika na kusaini kunachukua urefu wa urasimu. Unaogelea leo kwa ruhusa ya maji yaliyokwisha kwenda zao. Kuna njia za kusoma vinasaba vya bakteria moja kwa moja bila kuwaotesha, majibu yanapatikana siku ile ile. Kaunti ya San Diego ilianza kuitumia rasmi kwa fukwe zake mwaka 2022, na maonyo yakaongezeka, hasa kusini karibu na mpaka wa Meksiko ambako majitaka yanavuka mpaka. Unaona kichekesho chake? Kipimo kikiwa kizuri, bahari inaonekana chafu zaidi kwenye takwimu. Ndiyo maana wakubwa wengine hawana haraka.

Mkemia_Kimya:

Nidakie swali la kemikali, maana halijajibiwa.

Ubao wa waogeleaji unaangalia tumbo lako la wiki hii. Metali na kemikali ni suala la miaka, na hupimwa chini ya sheria nyingine, mara nyingi na idara nyingine ambayo haina ubao. Tena kuzitafuta kwenye maji matupu ni kazi ngumu: zimezimuliwa mno, leo zipo kesho hazipo. Tunatafuta zinapojikusanya, yaani kwenye mashapo ya chini na kwenye viumbe wanaochuja maji. Kome amekaa mwambani mahali pamoja, anachuja lita nyingi za maji kwa siku, na kinachopita humo kinabaki mwilini mwake. Ukimkausha na kumsaga maabara anakueleza miezi kadhaa iliyopita. Marekani wana mpango wa kitaifa wa namna hiyo, Mussel Watch, tangu 1986, na kome na chaza wa pwani nzima ndio vifaa vyao vya kupimia.

Mfano wa kwa nini maji peke yake hayatoshi ni Minamata, Japani. Ugonjwa uligunduliwa rasmi 1956. Kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki kwenye ghuba, na mtu angesimama pale asione chochote kwenye maji. Zebaki ilipanda kwenye samaki na kombe, kutoka hapo kwa familia za wavuvi. Umwagaji haukusimama mpaka 1968. Miaka 12! Mkataba wa dunia wa zebaki ukapewa jina la mji huo mwaka 2013.

Na kuna vitu ambavyo kifaa cha maabara huchelewa kuliko kiumbe. Rangi za zamani za kuzuia viumbe kunata kwenye meli zilikuwa na kemikali ya bati iitwayo TBT. Nanogramu moja tu kwa lita, kiasi ambacho maabara nyingi zilikuwa haziwezi hata kukiona, ilitosha kuwafanya konokono jike wa baharini waote uume. Wakashindwa kutaga, wakapotea kwenye bandari nyingi. Wapimaji wakaanza kuwahesabu konokono badala ya kupima maji. Mkataba wa kupiga marufuku rangi hizo ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008.

Sina_Imani:

Samahani, konokono jike aote NINI?

Mkemia_Kimya:

Umesoma sawasawa. Inapimwa kwa rula, na kuna jedwali lake.

Sina_Imani:

Nimekaa kimya dakika tano kwa heshima ya huyo konokono.

Haya, turudi. Mnaongea vizuri wote wawili, lakini mnaongea kama vile anayepima hana masilahi. Viwanda na mitambo ya majitaka mara nyingi wanajipima wenyewe halafu wanapeleka ripoti serikalini. Mwizi anaambiwa ahesabu kuku.

Chupa_Tasa:

Hapo umenigusa, na hapo sikubishii. Kampuni kujipima yenyewe ni kawaida katika nchi nyingi kwa sababu serikali haina watu wa kusimama kwenye kila bomba. Mfano uliotajwa sana ni wa Uingereza, kampuni ya Southern Water. Mwaka 2021 mahakama iliitoza faini ya pauni milioni 90 kwa kumwaga majitaka mitoni na baharini maelfu ya mara kati ya 2010 na 2015. Kabla ya hapo, 2019, mdhibiti aliibana kwa mambo mengine, yakiwemo ya kuchezea sampuli: kuhakikisha siku ya kuchota bomba halitoi kitu. Hakuna maji, hakuna sampuli, hakuna kosa.

Dawa yake waliyoiweka England ni vihisi kwenye vitoleo vya dharura vya majitaka, vinavyorekodi bomba limeanza kumwaga saa ngapi na limeacha saa ngapi. Kufikia mwisho wa 2023 vilikuwa vimefungwa kwenye vyote. Havipimi uchafu ni kiasi gani, vinarekodi muda tu, lakini kihisi hakilali na hakinywi chai. Kelele zote za wananchi kule kuhusu majitaka zimetokana sana na data hizo. Kipimo kilichofichwa kwenye faili hakijawahi kumzuia mtu kumwaga.

Na mahakama inaweza kuigeukia serikali yenyewe. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya iliikuta Uingereza na hatia kwa sababu fukwe za Blackpool na zile za jirani zilikuwa hazifikii viwango vya agizo la zamani la maji ya kuogelea, la 1976. Serikali ilijitetea kwamba imechukua hatua zote zinazowezekana. Mahakama ikasema sheria inataka matokeo. Nilipenda hukumu ile kuliko mkutano wowote wa kazi niliowahi kukaa.

Mkemia_Kimya:

Ila tuwe waadilifu, Chupa. Agizo jipya la 2006 lina mlango wa pembeni: ukitabiri uchafuzi wa muda mfupi, ukawaonya watu, unaruhusiwa kuondoa baadhi ya sampuli mbaya kwenye hesabu, hadi asilimia 15. Wengine wanauona ni ujanja.

Chupa_Tasa:

Mimi siuoni ujanja, nauona ni biashara ya haki: mwonye mwogeleaji kabla hajaingia, nami nitakusamehe sampuli moja. Ubaya ni pale sampuli inapoondolewa na onyo halikutolewa. Hilo unalikagua kwa tarehe.

Mama_Pacha:

Wadau, mrejesho. Nimewaandikia barua badala ya kupiga simu, nikauliza mahali, saa na hali ya maji kwenye vipimo vyao vya mwaka huu. Wamejibu, nawashukuru kwa hilo. Sampuli huchukuliwa upande wa pili wa gati, mbali na mtaro, "kwa kuwa ndipo penye waogeleaji wengi". Saa imeandikwa, mara nyingi tano au sita mchana. Safu ya kujaa na kupwa iko tupu mwaka mzima. Watoto wamepona, sikio lilihitaji dawa.

Je, nifanye nini na mtaro? Nilikuwa nafikiria kuchota mwenyewe kwenye chupa safi ya maji ya kunywa nipeleke maabara.

Chupa_Tasa:

Usichote. Si kwamba huwezi, ni kwamba watakuuliza chupa ilitakaswa na nani na ilikaa kwenye barafu kwa muda gani, na hapo hoja yako imekufa. Waache wachote wao, wewe wachagulie saa.

Kwenye barua ya pili omba mambo matatu tu, ukiomba kumi watajibu lile rahisi. Moja, sehemu ya pili ya kuchotea, mita chache kutoka mdomo wa mtaro. Agizo la Ulaya linataja sehemu mbili zinazokubalika: penye waogeleaji wengi, au penye hatari kubwa ya uchafuzi. Ofisi yako imechagua ya kwanza, na kwako zote mbili zipo ufuo mmoja. Pili, uchotaji wa asubuhi mapema maji yakikupwa, siku ya bamvua, angalau mara moja kwa mwezi, na siku hiyo ipangwe kwa jedwali la maji, Jumatatu waiachie mambo mengine. Tatu, sampuli ya ziada baada ya mvua kubwa, na ubao uandikwe siku hiyo hiyo, bila kungoja majibu.

Wakikuta namba kubwa mtaroni, waombe wapime pia kama kinyesi ni cha watu au cha wanyama. Kuna alama ya kijenetiki iitwayo HF183 inayotoka kwa bakteria wa utumbo wa binadamu. Ikiwepo, huenda kuna choo cha mtu kimeunganishwa kwenye mtaro wa mvua, na hilo linarekebishwa kwa jembe na saruji. Isipokuwepo, huenda ni mbwa na ndege, na hatari kwa wanao ni ndogo zaidi ingawa haijaisha.

Sina_Imani:

Na ile safu iliyoachwa tupu waijazeje kwa miezi iliyopita? Watabuni?

Chupa_Tasa:

Hakuna haja ya kubuni. Tarehe na saa zipo, jedwali la maji la mwaka huu lipo. Mama Pacha anaweza kuijaza mwenyewe jioni moja na kalamu, kisha awarudishie karatasi yao. Dada, ukiijaza, iweke hapa tuione. Nina dau langu kwamba bamvua yenye maji yanayokupwa haimo.

Mama_Pacha:

Nimefika mwezi wa nne. Mpaka sasa haimo.